Amani, Mtae au Maramba? Njia tatu za vumbi mkoani Tanga kwa mwenye baiskeli ya graveli

Swali hili nimeulizwa mpaka basi, na wanaoniuliza ni watu wa aina moja. Kijana kapata baiskeli ya graveli ya mtumba, zile zenye usukani uliojikunja kama pembe za kondoo na tairi nono kidogo kuliko za resi, kaizungusha Raskazone wiki mbili, kaenda Pongwe na kurudi, sasa anataka milima. "Kaka nataka kupanda." Kupanda wapi? "Popote, palipo juu kabisa."

Hapo ndo tunapoanza kukosea. Watu wanachagua njia kwa kuangalia mlima una urefu gani, wakati mi kwa miaka yote niliyozungusha pedeli mkoa huu sijamwona mtu aliyeharibikiwa kwenye kupanda. Ukichoka kupanda unashuka, unasukuma, unakaa kwenye jiwe unakula ndizi, mtoto wa shule anakucheka, maisha yanaendelea. Watu wanaharibikiwa kwenye kushuka, na wanaharibikiwa baiskeli ikifa saa tisa mchana mahali ambapo gari la mwisho limeshapita. Kwa hiyo nitazilinganisha njia tatu ninazozijua vizuri na utaona nimeyapa uzito mambo ambayo pengine hukutegemea.

Naangalia udongo ulivyo na unataka tairi gani, naangalia kupanda na kushuka, halafu maji na msosi, pa kulala, msimu, na ukikwama unarudije nyumbani. Hilo la mwisho nimeliweka mwisho lakini mwenyewe ndo naanzaga nalo. Kwa njia moja kati ya hizi tatu kuna la nyongeza, nalo ni mpaka wa Kenya.

Njia zenyewe, kwa wasiozijua

Ya kwanza ni Amani. Unaanzia Muheza, unapita mashamba ya machungwa na vijiji vya Wabondei, unafika Sigi ambapo ndo geti la Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, halafu unapanda ndani ya msitu mpaka Amani penyewe. Ni kilomita 30 na kitu. Ukiwa na nguvu unaendelea mpaka kwenye mashamba ya chai ya Kwamkoro, Monga na Bulwa, unalala, kesho yake unashuka.

Ya pili ni Lushoto kwenda Mtae, Usambara ya Magharibi. Unapanda Magamba, unapita Lukozi, unatembea juu ya mgongo wa milima hadi barabara inapoishia, na inaishia kweli maana Mtae kijiji kimening'inia ukingoni, mbele yako ni ukuta wa mlima unaoshuka hadi nyika ya Mkomazi na Kenya ile pale. Hesabu kama kilomita 60 kwenda tu.

Ya tatu ndo isiyo na jina kubwa. Barabara ya mkoa inayochomoka Mabokweni hapa hapa Tanga mjini, inaenda Maramba, Daluni, Bombo Mtoni, halafu inafuata bonde la Umba na ukiiachia itakupeleka hadi Mkomazi na Same. Kushoto kwako Usambara, kulia nyika inayoingia Kenya. Wengi wanaishia Maramba wakalala na kugeuza, na mi nailinganisha hivo, Tanga hadi Maramba na vilima vya Daluni, na wenye kichaa cha kuendelea mpaka Bombo Mtoni nitawataja pembeni.

Soni kwenda Bumbuli sijaiweka. Ni nzuri, ina chai, ina kivuli, lakini ukishapanda Mtae au Amani utakuwa umeonja ladha hiyo hiyo.

Udongo na tairi

Amani ni udongo mwekundu wa mfinyanzi juu ya mawe. Ukikauka ni raha, umegandamana kama saruji, graveli inakimbia yenyewe. Ukilowa hata kwa manyunyu ya nusu saa unageuka sabuni, na si sabuni tu maana unanata, unajaa kati ya tairi na foku mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, unabaki unachokoa kwa kijiti. Na msituni hapakauki haraka, jua halifiki chini, kwa hiyo mvua ya juzi bado ipo. Halafu kuna malori ya chai na magogo yanachimba mitaro miwili ya matairi, ukiingia kwenye mtaro mmoja umeshachagua, huchomoki hadi uishe.

Mtae udongo ni ule ule mwekundu ila juu upo wazi, upepo unapiga, panakauka upesi. Mwanzo kutoka Lushoto kuna lami, na kila mwaka naona inasogea, kwa hiyo mwenye kutaka vumbi tupu asinilaumu. Ukishaachana na lami unakutana na moramu nzuri yenye kokoto ndogo ndogo, na kona ambazo kokoto zimejikusanya upande wa nje, hapo ndo watu wanatelezea. Eneo la Shume kuna misitu ya kupandwa na malori ya mbao, vumbi lake sitalisahau.

Maramba ni habari nyingine. Mabondeni kuna kichanga, si kingi lakini kinakuja ghafla, unatoka kwenye moramu ngumu unaserereka mita 20 kama uko pwani ya Mwambani. Ukiendelea mbele kuelekea Umba unakuta udongo mweusi wa mbuga, ambao mkavu ni mzuri na umelowa usijaribu kabisa, mi nimeshabeba baiskeli begani kilomita nzima. Na kuna mbigiri. Jamani mbigiri! Ule mmea unaotambaa una vitufe vya miiba, ukiupitia pembeni ya barabara ukijifanya unakwepa shimo, tairi zote mbili zinapumua kwa pamoja, psss.

Kwa hiyo tairi ya milimita 40 inatosha Amani na Mtae, kwa Maramba nenda 45 au zaidi kama fremu yako inaingiza. Chukua viraka na solusheni hata kama una tyubulesi, yaani tairi zisizo na tyubu ndani. Na sikia jambo moja ambalo hakuna aliyeniambia nikajifunza kwa jasho: hizi baiskeli za mtumba nyingi zina valvu nyembamba, na pampu za mafundi wa vijijini ni za valvu nene ya pikipiki au ile ya Foniksi. Fundi wa Daluni alikuwa na pampu, alikuwa na moyo, alikuwa na muda, ila pampu na valvu yangu havikujuana. Adapta ndogo ya shaba, kama kidole cha mtoto, inauzwa kwa wauza vipuri mjini, kanunue kabla hujaondoka uifunge kwenye valvu kabisa isipotee.

Kupanda, na hasa kushuka

Kwa kupanda Amani inadanganya. Muheza hadi Sigi ni vilima vya kupanda na kushuka, unajiona bingwa, halafu kutoka Sigi barabara inainuka na haikupi nafasi, kona baada ya kona chini ya miti mikubwa, kutoka kama mita 450 hadi karibu 900. Si mbali lakini gia nyepesi itaitwa kwa jina. Wajerumani wenyewe reli yao ndogo ya kubebea mbao kutoka Tengeni waliishiliza Sigi, hawakuipandisha. Nyumba ya stesheni ya zamani bado ipo pale, utapumzika kibarazani kabla hujaanza kulia.

Lakini kushuka. Kushuka Amani ndo mtihani wa njia zote tatu. Mwaka mmoja tulikuwa wanne, mmoja ana baiskeli yenye breki za rimu, zile za vipande vya mpira vinavyobana rimu yenyewe, mzuri sana wa kupanda, alituacha wote asubuhi. Kurudi akawa mbele pia, kashikilia breki muda wote kwa sababu ni kona na mawe na mitaro na bodaboda zinapanda zimebeba mikungu ya ndizi. Katikati ya msitu nikasikia harufu ya mpira unaungua, nikadhani kuna mtu anachoma tairi, kumbe ni yeye. Alisimama kwenye ukingo wa barabara kashika rimu kwa kidole akakirudisha mdomoni, ilikuwa imepata moto vile, na dakika mbili baadae tyubu ya mbele ikapasuka ikiwa imesimama. Ingepasuka anatembea nisingekuwa naandika kwa utani hivi. Tulipofika Muheza mzee fundi wa chini ya mwembe akazitoa zile breki, zimelika mpaka chuma, akamtazama akasema, "Mwanangu, breki hushikilii. Unabana, unaachia. Unabana, unaachia. Kama unakamua ng'ombe." Mpaka leo tukishuka mahali popote mtu mmoja lazima apige kelele kamua!

Mtae milima yake ni mirefu zaidi kwa hesabu, Lushoto mji wenyewe uko kama mita 1,400 na vilele vya upande ule vinapita 2,200, ila barabara imejengwa kwa ustaarabu. Kipande cha Lushoto kwenda Magamba kinauma. Baada ya hapo ni mawimbi, unapanda unashuka unapanda, siku nzima, na kinachokuchosha si mteremko mmoja mkali bali hesabu yake yote. Kushuka kwake ni kwa macho wazi, unaona kona mbele. Hatari ni mifugo, watoto, na Noah zilizojaza watu zinazokuja katikati ya barabara kwa imani kwamba hakuna mtu mwingine duniani. Na tahadhari kwa wale wanaotamani kushuka ukingo wa Mtae au Mlalo hadi Mnazi kule chini nyikani: njia ipo, ni mawe, ni wima, mi nilishuka nusu kwa miguu na sioni aibu.

Maramba haina mlima wa kukutisha. Ni vilima, vingi, vifupi, vya kukata pumzi dakika tatu halafu unashuka dakika moja. Watu wa pwani wanaidharau kwa sababu hiyo, halafu saa saba mchana wanaomba kivuli, kwa sababu adui wa Maramba ni jua. Breki zozote zinatosha.

Maji na msosi

Hapa Mtae anashinda kwa mbali na sina hiyana kusema. Milima ya Wasambaa imejaa watu, kila baada ya kona kuna kijiji, kuna mama ana chapati na maharage, kuna makande, msimu ukiwa mzuri watoto wanauza plamu na peasi kwenye sado barabarani. Maji ya kunywa nunua au chemsha lakini huwezi kukaukiwa. Bibi mmoja pale Lukozi alinisalimia onga maundo, nikamjibu shikamoo maana Kisambaa changu kinaishia hapo, akacheka akaniongezea chai kikombe cha pili bure. Chai ya tangawizi kwenye baridi ile, wallahi.

Amani mpaka Sigi una vijiji, ukiingia msituni hakuna duka hadi juu. Maji yanatiririka kila mahali na yanatamanisha ila yachuje. Ukifika juu kuna vigenge, na ni nchi ya viungo, iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga, sehemu nyingine barabara yenyewe inanukia kama pilau kwa sababu watu wameanika pembeni. Chakula cha moto usichelewe kuagiza, jioni sufuria zinafunikwa mapema.

Maramba beba maji lita tatu angalau. Tanga hadi Maramba vijiji vipo na mihogo ya kukaanga na pilipili ya ndimu utaikuta, na Maramba ni mji mdogo wenye kila kitu. Kwenda mbele kuelekea Bombo Mtoni vijiji vinaachana na duka linaweza kuwa limefungwa kwa sababu mwenye duka kaenda msibani, basi.

Pa kulala

Lushoto gesti za kumwaga za bei zote, Mtae kuna gesti ndogo za kawaida, hazina mbwembwe, blanketi mbili. Amani kuna nyumba za wageni za hifadhi, juu na pale Sigi, lakini piga simu kabla maana wakija watafiti au wanafunzi wa chuo zinajaa. Kiingilio cha hifadhi kinalipwa kwa kontro namba kwa hiyo uwe na salio kwenye simu, noti mkononi haisaidii, na mtandao msituni unakuja na kuondoka, fanya malipo mapema. Maramba kuna gesti za mjini za kawaida, omba yenye neti isiyo na tundu kwa sababu kule chini mbu hawana utani. Ukipita Maramba na giza likakukuta, tafuta mtendaji wa kijiji, jitambulishe, utapata pa kujiegesha na pengine na bada la kula.

Msimu

Masika, yaani Machi hadi Mei, sahau Amani. Sisemi haipitiki, nasema hutafurahi. Kule mvua kwa mwaka inakaribia milimita 2,000 na haijali sana kalenda, hata Julai inaweza kukunyeshea. Dirisha zuri ni Januari na Februari, halafu Agosti na Septemba.

Mtae Juni hadi Agosti ni kavu na ni baridi, mtu wa Tanga unaweza kudhani umeumwa. Beba sweta na glovu. Ila ndo muda wa anga safi, ukiamka alfajiri Mtae kabla mawingu hayajapanda unaweza kuona Kilimanjaro mbali kule kama kipande cha chumvi.

Maramba epuka Januari na Februari kama ngozi yako unaipenda. Juni hadi Septemba ni bora, kusi linavuma, hewa nyepesi.

Mpaka na wanyama

Hii ni kwa Maramba hasa. Barabara haivuki mpaka lakini inaukaribia na kuachana nao, na utajua umekaribia simu itakapokuambia. Nilikuwa kwenye kilima kimoja nakula embe, simu ikalia, karibu Kenya. Mguu wangu uko Tanzania, embe langu la Tanzania, ila mnara ulioniona ni wa ng'ambo. Bando langu likayeyuka pale pale. Zima romingi kabla hujatoka Mabokweni.

Beba kitambulisho cha NIDA, na kama una mgeni wa nje abebe pasi yake. Unaweza kusimamishwa na askari au watu wa Uhamiaji na ni haki yao, eneo lina njia nyingi za panya na baiskeli ni chombo cha biashara hizo toka enzi za babu, wewe na kofia yako ya plastiki na suruali ya kubana ni kichekesho lakini pia ni swali. Salimia, eleza, onyesha, endelea. Usikubali mtu akuambie kuna njia fupi ya kutokea upande wa pili. Ukitaka kuonja Kenya pita Horohoro kwenye lami, kilomita 65 kutoka Tanga, ukiwa na pasi au hati ya dharura ya kusafiria, gonga muhuri, nenda Lunga Lunga kanywe chai yao ya maziwa urudi. Mto Umba wenyewe unashuka kutoka Usambara, unavuka hadi Kenya na kumwaga maji karibu na Vanga bila kuulizwa na mtu, lakini wewe si mto.

Wanyama ni wa huko mbele, Bombo Mtoni kwenda Umba na chini ya Mtae upande wa Mnazi. Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi imepakana na Tsavo Magharibi na tembo hawajui wapi kumeishia hifadhi kumeanza shamba la mtu. Wenyeji ndo wanaojua wiki hii wako wapi, uliza kila kijiji, usitembee alfajiri wala jioni. Amani utakutana na mbega na vinyonga.

Ukikwama unarudije

Amani kuna basi na magari ya kijijini, lakini utaratibu wake ni wa watu wa mlimani, wanashuka usiku usiku kwenda Muheza, wanapanda mchana. Ukiharibikiwa saa nne asubuhi unapokwenda, kila gari unaloliona linaelekea huko huko juu. Hiyo inafaa, panda nalo, ukalale. Ukiharibikiwa saa kumi jioni wakati wa kushuka, ni bodaboda, na baiskeli unaibeba mapajani kama mtoto mgonjwa.

Mtae usafiri wake nao ni wa alfajiri ukitokea Mtae kwenyewe, ila kuanzia Lukozi kurudi Lushoto Noah zinapita mchana kutwa, na Lushoto hadi Mombo hadi Tanga mabasi yapo. Wanafunga baiskeli juu ya keria kwa kamba ya mpira. Simama hapo hapo uone inavyofungwa na utie kitambaa kwenye fremu, mi kuna basi moja lilinirudishia baiskeli na usukani umeangalia nyuma na kondakta akaniambia ilikuja hivyo.

Maramba kurudi Tanga kosta na haisi zipo, siku moja inatosha kwenda na kurudi hata kwa gari, na barabara haina milima ya kutisha kwa hiyo hata kusukuma unafika. Ukivuka Daluni kwenda Bombo Mtoni hesabu inabadilika kabisa, magari machache, simu inashika mnara wa jirani, fundi hakuna. Ndo maana nasema Maramba ni njia rahisi yenye mkia mgumu.

Kwa hiyo uende wapi

Kama ndo mara yako ya kwanza kutoka lami na una siku moja tu, Maramba na kurudi, toka Mabokweni saa kumi na mbili kamili, saa tano uwe kivulini. Utajifunza kichanga, utajifunza pancha, utajua baiskeli yako inapiga kelele wapi. Kama mguu haukubali kurudi siku hiyo hiyo lala, hakuna atakayekucheka.

Kama una familia au rafiki asiyeendesha baiskeli, Lushoto. Yeye atakaa mjini, atatembea Irente kuangalia bonde, atakunywa kahawa, wewe utaenda Lukozi na kurudi bila hata kufika Mtae na wote jioni mna cha kusimulia. Kwa mtu wa Dar anayekuja na siku tatu pia ni huko huko, Mombo unashuka kwenye basi la Arusha, unapanda kilomita 33 za lami kwa gari au kwa kiburi, siku ya pili Mtae, ya tatu unarudi.

Kama breki zako ni za rimu na huna mpango wa kuzibadilisha, Amani panda tu halafu shuka na basi la usiku. Nasema kweli. Kama una breki za diski na unapenda msitu, ndege, ukimya, chai mpaka macho yanachoka na kijani, basi Amani haina mpinzani na utairudia, ila angalia mvua ya siku tatu nyuma, si ya siku hiyo, wapigie watu wa Sigi uwaulize barabara ikoje.

Kama uko na wenzako wawili watatu wazoefu, mna viraka, mna maji, mna siku nne na hamna mtu wa kuwasubiri nyumbani kwa hasira, kuna wazimu mmoja sijaumaliza: Tanga, Maramba, Bombo Mtoni, bonde la Umba hadi Mnazi, halafu kupanda ule ukuta hadi Mtae, mnatokea Lushoto. Mimi niliishia Bombo Mtoni mara mbili, mara ya kwanza udongo mweusi, mara ya pili mbigiri, tundu kumi na moja kwenye tyubu mbili, tulizihesabu kwenye beseni la mama ntilie. Septemba najaribu tena. Adapta ninazo mbili.